Bakteria Ndio Waliotutoa kwenye Nguruwe



Wasomaji wetu wapendwa, wazazi na wanafunzi, kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu za akina mama kuanzia hapa Kimisagara mpaka Nyamirambo na Biryogo. Anayezungumza humo anajiita tabibu wa tiba za asili. Hatutamtaja, kwani jina lake halimfaidishi yeyote. Anasema mambo matatu. La kwanza, sindano ya insulini ni nguruwe. La pili, insulini za kisasa ambazo si nguruwe ni mbaya zaidi, kwa sababu zinatengenezwa na vijidudu vya kinyesi vilivyobadilishwa maumbile. La tatu, yeye anayo chupa ya mitishamba inayomaliza kisukari kwa siku arobaini. Hilo la tatu ndilo lenye bei.

Tumeombwa tujibu, nasi tunajibu. Mtuwie radhi tukiwa wakali kidogo. Mtu akikosea katika mambo ya kufunga kilemba au urefu wa kanzu tunaweza kucheka naye na kumsahihisha taratibu. Hapa kuna watoto wa mtaa wetu ambao roho zao zinategemea hiyo sindano.

Mama mmoja wa huku kwetu, binti yake tunamsomesha Juzuu Amma, alisikiliza ujumbe huo pamoja na mama mkwe wake. Bibi wa nyumba akaamua: haramu haiingii kwenye mwili wa mjukuu wangu. Sindano zikasimamishwa, mtoto akawa anapewa habasoda na asali. Siku ya pili akawa anakunywa maji jagi zima na bado ana kiu, akaanza kutapika, akawa anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi zote za Kimisagara mbio, na pumzi yake ikanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Majirani wakambeba mpaka barabarani, akafika kituo cha afya, kisha hospitali. Alhamdulillah amepona. Lakini mama yake alipokuja kwetu baada ya alasiri hakuja kushukuru. Alikuja na swali: "Mwalimu, yaani mwanangu anaishi kwa haramu?"

Fikirini mzigo huo. Mama anamchoma mwanawe sindano kila siku na kila siku anadhani anatenda dhambi. Nani amembebesha?

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wanachanganya. Kisukari cha watu wazima mara nyingi kinaweza kuanza kutibiwa kwa chakula, mazoezi na vidonge. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwashika watoto na vijana, ni kingine kabisa. Kongosho limeacha kutengeneza insulini. Bila insulini sukari inajaa kwenye damu lakini seli haziwezi kuila, kwa hiyo mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa mafuta hayo, tukisema kwa lugha ya jikoni, ni tindikali inayoingia kwenye damu. Ndiyo ile harufu ya tunda. Kutoka hapo mpaka kuzimia na kufa ni suala la siku, si miezi. Hakuna jani, mzizi wala mbegu inayochukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyu. Asali ndiyo kabisa, ni kumwongezea kuni kwenye moto!

Kabla ya mwaka 1922 watoto hawa hawakuwa na dawa. Madaktari waliwanyima chakula mpaka wakabaki mifupa, ili waongeze miezi michache ya kuishi. Mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata maji ya kongosho la mbwa yaliyoweza kuteremsha sukari. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa. Sindano ya tarehe 11 haikufaa, ilikuwa chafu, ikamletea uvimbe na sukari ikashuka kidogo tu. Mkemia James Collip akakaa akiisafisha, na tarehe 23 kijana akachomwa tena. Safari hii ilifanya kazi. Dawa ilikuwa ileile, kilichobadilika ni usafi wake. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Kwa miaka sitini hivi iliyofuata insulini ilitoka machinjioni, kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba zilihitajika zaidi ya tani mbili za viungo vya nguruwe kupata gramu kama 230 za insulini safi. Insulini ya binadamu imeundwa kwa vipande 51 viitwavyo asidi amino. Ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa kipande kimoja, ya ng'ombe kwa vitatu. Ndiyo maana ilifaa. Kwa hiyo babu yetu Mwislamu aliyekuwa na kisukari mwaka 1970 alikuwa na swali la kweli mbele yake, na wanazuoni walimjibu kwa mlango wa dharura. Hata mwaka 1995, wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba walieleza kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kutumia insulini ya nguruwe kwa dharura, kwa masharti ya kisheria.

Sasa mwenye ujumbe wa sauti anasema nini? Anachukua swali la mwaka 1970 na kulitupa kwenye chupa ya leo. Amechelewa zaidi ya miaka arobaini!

Mwaka 1978 watafiti wa California, wa kampuni changa wakati huo iitwayo Genentech pamoja na kituo cha tiba cha City of Hope, akiwemo Keiichi Itakura, Arthur Riggs na David Goeddel, waliwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu. Oktoba 1982 Marekani ikaruhusu iuzwe, ikitengenezwa na Eli Lilly kwa jina la Humulin. Ilikuwa dawa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Leo insulini ya Lilly na ya Sanofi inatengenezwa na bakteria, na ya Novo Nordisk inatengenezwa na hamira, ya jamii ileile inayoumua mandazi. Insulini ya nguruwe imebaki sehemu chache sana. Tusemeni wazi: aliyemtoa Mwislamu mwenye kisukari kwenye nguruwe hakuwa mhubiri wala muuza mitishamba. Ni hao bakteria wanaotukanwa.

Wanafanyaje? Hapa tunaomba wanafunzi wasogee karibu, kwa sababu hatutaki kuwajibu watu kwa "wataalamu wamesema". Kijana mmoja aliyesoma madrasa kwetu, sasa yuko chuo kikuu anasoma bioteknolojia, alikuja Jumamosi moja baada ya umuganda na picha za kazi yake ya maabara. Hakutengeneza insulini, alitengeneza protini moja ya bakteria kwa ajili ya mafunzo, lakini njia ni ileile, na alitueleza mpaka wazee wakasahau chai.

Kila protini ina maandishi yake, na maandishi hayo ni jeni. Jeni ya protini unayoitaka inaandikwa kwenye kipete kidogo cha DNA kinachoitwa plasmidi. Kwenye kipete hichohicho unaweka jeni nyingine ya kustahimili antibiotiki fulani. Kisha unachukua bakteria wa maabara, E. coli, ukiwa umewapoza kwenye barafu, unawapa joto la nyuzi 42 kwa muda usiofika dakika mbili, na baadhi yao wanakimeza kile kipete. Unawapanda kwenye sahani yenye antibiotiki. Asiyebeba kipete anakufa, aliyebeba anabaki. Huyo ndiye unayemhamishia kwenye supu.

Supu hiyo ina joto la nyuzi 37, kama mwili wetu. Bakteria mmoja anagawanyika kuwa wawili kila dakika ishirini hivi. Pigeni hesabu wenyewe: kwa saa kumi ni mara thelathini, na mmoja amekuwa zaidi ya bilioni moja. Wakishakuwa wengi unatia kemikali ya kuwaamsha, na kila mmoja anaanza kusoma ile jeni na kutengeneza protini yako. Baada ya saa chache unawazungusha kwa mashine mpaka wakae chini kama machicha, unawapasua kwa mawimbi ya sauti, na hapo una uji wa vitu maelfu, ambamo protini yako ni moja kati yao.

Ndipo kazi inapoanza. Yule kijana alikuwa ameiandikia protini yake mkia mdogo unaopenda kushikana na nikeli. Unapitisha uji wote kwenye bomba lililojaa chembe zenye nikeli, protini yako inanasa, mengine yanapita. Unaosha, unaosha tena, kisha unaiachilia. Kinachotoka ni maji tu kwa macho. Unajuaje kama ni hiyo?

Alituonyesha picha ya jeli iliyotiwa rangi ya buluu. Protini zinapitishwa ndani ya jeli kwa umeme, nyepesi zinakimbia mbali, nzito zinabaki nyuma, na pembeni kuna ngazi ya protini zenye uzito unaojulikana. Mstari wa kwanza, uji kabla ya kusafishwa, ulikuwa na michirizi kama mkeka. Mstari wa mwisho ulikuwa na mchirizi mmoja. Kijana alikuwa na furaha, lakini akasema mwalimu wake alimrudisha: mchirizi mmoja kwenye uzito sahihi hauthibitishi kitu peke yake. Protini mbili zinaweza kuwa na uzito unaokaribiana. Akaambiwa aipime kwa mashine inayotoa uzito kamili wa molekuli, aione kama inafanya kazi inayotarajiwa, na aangalie kama imekunjwa sawasawa, kwa sababu protini iliyokunjwa vibaya ni kama ufunguo uliopinda.

Sisi tunaofundisha hadithi tulielewa mara moja. Riwaya haipokelewi kwa kuwa maneno yake yanapendeza. Inaulizwa: nani amepokea kwa nani, walikutana, alikuwa mwaminifu, kumbukumbu yake ilikuwaje, na je wengine wamesimulia hivyohivyo? Mapokezi yakikatika katikati, riwaya inawekwa pembeni. Watu wa maabara nao wana isnadi yao, na katika jambo hili ni wakali kuliko wengi wetu. Mtu anayesambaza sauti ya dakika nne kuhusu dawa bila kujua imetoka wapi wala imepita mikono ya nani, angetoka madrasa yetu na alama gani?

Kwa insulini kazi ni ngumu zaidi. Ndani ya bakteria inatoka kama vifundo visivyoyeyuka, inabidi ifunguliwe na kukunjwa upya, na madaraja matatu ya salfa yakae mahali pake. Ikimaliza, uzito wake lazima uwe ule unaojulikana, takriban daltoni 5,808. Kisha linakuja jambo la mabaki ya bakteria wenyewe. Ukuta wa E. coli una sumu inayoleta homa ikiingia kwenye damu, hivyo kila fungu la dawa linapimwa kuhakikisha sumu hiyo haizidi kiwango kilichowekwa. Kwa miaka mingi kipimo hicho kimetegemea damu ya buluu ya mnyama mmoja wa baharini mwenye gamba kama kwato la farasi, ambayo huganda ikigusana na sumu hiyo hata iwe kidogo namna gani. Mnakumbuka sindano ya kwanza ya yule kijana wa Toronto? Tofauti ya mgonjwa kuumia na mgonjwa kupona ilikuwa usafi.

Sasa tuzitazame hoja zao.

"Ni kijidudu cha kinyesi, ni najisi." E. coli anaishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu, wa imamu na wa maamuma, na wengi wao hawana madhara. Ukoo unaotumika maabara, uitwao K-12, ulichukuliwa kwa mgonjwa huko California mwaka 1922 na tangu hapo umekuzwa kwenye supu safi kizazi baada ya kizazi, bilioni kwa bilioni. Mwenye kutaka kujua kama kitu safi kinaweza kutoka jirani na uchafu, akasome Suratun-Nahl panapotajwa maziwa. Wanafunzi wetu wanaijua aya hiyo, na hatuoni kwa nini mtu mzima asiijue.

"Ni kubadilisha maumbile." Hutaja Suratun-Nisaa. Aya hiyo inataja watu wanaokata masikio ya wanyama kwa kumfuata shetani, na wafasiri wameijadili sana. Hatujui mfasiri anayeaminika aliyesema kwamba inamkataza mgonjwa kupewa homoni ambayo mwili wake ulipaswa kuwa nayo. Kumrudishia mtoto kile kilichopungua ndiko kuitunza hali aliyoumbiwa. Kumwacha azimie ndiko kunakoibadilisha.

"Imeandikwa insulini ya binadamu, basi wamewakata watu." Hii imewasumbua wengi, na tunawaelewa, kwa sababu ndivyo karatasi ya ndani ya kasha inavyosema kwa Kifaransa na Kiingereza. Maana yake ni kwamba mpangilio wa vipande 51 ni ule wa binadamu. Jeni ya mwaka 1978 iliundwa kwa kemikali, herufi kwa herufi, kutokana na mpangilio uliokwisha kujulikana. Hakukatwa mtu.

Na wapo wenye elimu kidogo wanaotuambia: "Nyinyi mnategemea istihala, yaani kitu kugeuka kuwa kitu kingine, na sisi watu wa Shafii mlango huo kwetu ni mwembamba." Ni kweli ni mwembamba. Mvinyo uliogeuka siki wenyewe, ngozi iliyodibaghiwa, na kidogo zaidi. Lakini hatuna haja ya kuupitia mlango huo! Istihala ni ya kitu kilichokuwa najisi kikageuka. Humu nguruwe hakuingia, ageuke nini?

Hapo ndipo tunapowageukia wanafunzi wetu wenye akili, maana tunajua watauliza: je, kwenye supu na kwenye vifaa vya kusafishia hamna nguruwe? Hilo ndilo swali linalostahili kuulizwa, na angalieni kwamba mwenye ujumbe wa sauti hakulifikia kwa sababu hajui hata kuna supu. Supu ya kawaida ya maabara ina protini ya maziwa iliyosagwa kwa vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo mara nyingi vilitoka kwenye kongosho la nguruwe. Tena, katika kutengeneza insulini kuna hatua ambapo mnyororo mrefu unakatwa kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, na tripsini ya zamani nayo ilitoka hukohuko. Viwanda vimekuwa vikihama kwenye vitu vya wanyama, hasa baada ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe miaka ya 1990, na siku hizi ipo tripsini inayotengenezwa na vijidudu vyenyewe, na supu isiyo na mnyama ndani yake. Mwenye kutaka uhakika wa dawa fulani amwombe mfamasia, au aandike kwa mtengenezaji: supu yenu ni ya nini, tripsini yenu ni ya nini? Ni maswali mawili mafupi na yana majibu. Na wakati anasubiri jibu, mtoto anaendelea kuchomwa sindano yake, kwa sababu kama wanazuoni waliruhusu insulini ya nguruwe kamili kwa dharura, kimeng'enya kilichopita na kuoshwa kina uzito gani mbele ya uhai?

Mkitaka dawa ambayo kweli inatoka kwa nguruwe mpaka leo, ipo heparini, inayozuia damu kuganda, na nyingi duniani inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Hiyo hatujaisikia kwenye ujumbe wa sauti wowote. Wanaoipata wako wodini, labda hawanunui chupa za mitishamba.

Tena hao hao wanaoogopa protini za bakteria wanaishi nazo bila kujua. Wengi wetu tulipanga foleni kuanzia mwaka 2020 kuingizwa kijiti puani kwa ajili ya korona. Kipimo kile kinategemea kimeng'enya kinachostahimili joto, ambacho asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone nchini Marekani, na tangu zamani kimeng'enya hicho hutengenezwa kwa wingi ndani ya E. coli. Hapa Rwanda, Profesa Leon Mutesa na wenzake walibuni hesabu ya kuchanganya sampuli za watu wengi katika kipimo kimoja ili kuokoa vifaa, na kazi yao ikachapishwa katika jarida la Nature. Tulijivunia, na ilistahili. Mashine za kupima kifua kikuu kwa makohozi nazo hutegemea vimeng'enya vya aina hiyo. Sabuni nyingi za unga zinazoondoa madoa zina vimeng'enya vya bakteria, na kanzu zilizofuliwa humo tunaswalia. Jibini nyingi za viwandani zinagandishwa kwa kimeng'enya ambacho mwaka 1990 Marekani iliruhusu kitengenezwe ndani ya E. coli, badala ya kuchinja ndama na kuchukua tumbo lake. Mbona hapo kimya?

Na yatakuja mengine. Kuna chanjo ya kifua kikuu inayojaribiwa, inaitwa M72. Protini mbili za kijidudu cha kifua kikuu zimeunganishwa kuwa moja na kutengenezwa ndani ya E. coli. Majaribio ya awali yalifanyika Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima waliokwisha kubeba kijidudu bila kuugua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu katika miaka mitatu. Jaribio kubwa lilianza Afrika Kusini Machi 2024, likapangwa kufika Kenya na nchi nyingine, Indonesia ikiwemo, nchi yenye Waislamu wengi sana. Kama chanjo hiyo itafika siku moja kwenye kituo chetu cha afya hapa Kimisagara, ujumbe wa sauti utakuwa umetangulia kufika.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi makampuni ya dawa ni mawalii. Kama mtu anatafuta dhuluma katika habari ya insulini, ipo, na ni kubwa. Banting na wenzake waliuzia Chuo Kikuu cha Toronto hakimiliki yao kwa dola moja moja, ili dawa isiwe ya matajiri. Miaka mia baadaye makampuni matatu, yale tuliyoyataja, yalikuwa yameshika zaidi ya asilimia 90 ya soko la dunia, na Shirika la Afya Duniani likaeleza mwaka 2021 kwamba nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili wanaohitaji insulini hawaipati. Hilo lihutubieni! Semeni kwa nini dawa iliyovumbuliwa mwaka 1921 inamshinda mama wa kijijini kuinunua. Lakini hilo halina chupa ya kuuza mwishoni.

Na lina swali lingine linalotuhusu sisi wenyewe. Yule kijana wa bioteknolojia alituambia kwamba alipochagua somo lake, mjomba wake alimwambia anakwenda kusomea kuchezea kazi ya Mungu, afadhali asome biashara. Tumewasikia wazazi wengi wakisema maneno ya namna hiyo. Desemba 2023 kiwanda cha BioNTech kilizinduliwa hapa Kigali, kwa ajili ya chanjo za aina ya mRNA, na kazi ya namna hiyo inaanzia kwa bakteria waliobeba vipete, kama wale wa kijana wetu. Nani atafanya kazi mahali kama hapo? Nani atasimama msikitini siku ujumbe mwingine wa sauti utakapoanza kuzunguka, aseme, "Mimi naijua supu hiyo, nimeipika, na ndani yake mna hiki na hiki"? Tukiwakataza watoto wetu maabara leo, kesho tutauliza halali na haramu ya dawa zetu kwa watu wasiojua tofauti yake.

Yule mama tulimjibu kwa kifupi kuliko tulivyoandika hapa. Tulimwambia dawa ya mwanawe haina nguruwe ndani yake, na hata ingekuwa naye, dharura ingemruhusu, na kwamba aliyetenda kosa ni aliyemtia hofu. Tulimwomba aje na mama mkwe wake, tukae pamoja. Walikuja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: hiyo insulini ikaeje isiharibike, maana nyumba haina friji. Tukampeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya, akamwonyesha namna ya kuiweka ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga wenye maji, mahali pa kivuli.

Kijana wetu atakuwa nasi tena Jumamosi baada ya alasiri, na ameahidi kuja na jeli yenyewe iliyokaushwa, si picha. Wazazi wa kike na wa kiume wanakaribishwa, na mwenye insulini nyumbani aje na karatasi ya ndani ya kasha tuisome pamoja.